Mwanzi wa bahati si mwanzi: Tukichunguze kitu kabla ya kuliamini jina

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, methali hiyo haituambii tufanye nini jina jema linapobandikwa kitu kisichostahili kuitwa hivyo. Mintarafu ya jambo hilo, nina kisa cha mmea mdogo ambao nusura niuue kwa sababu niliamini jina lake.

Ilikuwa hivi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, walipokuwa wakijiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, walinijia ofisini na zawadi. Ilikuwa gilasi yenye vijiwe vyeupe, maji kidogo na vijiti vitatu vya kijani, kila kimoja kikiwa kimechipuza majani kileleni. Msemaji wao, binti mchangamfu mwenye ulimi wa kishairi, alinikabidhi kwa mikono miwili akasema: "Mwalimu, huu ndio mwanzi wa bahati. Tunakuachia bahati yetu. Utuhifadhie hadi tutakaporudi."

Nilishukuru, nikaupeleka mmea ule nyumbani kwangu, viungani mwa mji wa Nakuru. Mimi ni mzawa wa Bonde la Ufa, na tangu utotoni naijua mianzi ya msitu wa Mau. Nilijua kwamba mwanzi hulipenda jua na hunywa mvua bila kushiba. Basi niliiweka gilasi juu ya ukuta wa baraza, pale jua la alasiri linapopiga sawasawa, nikaijaza hadi pomoni maji ya bomba yanayotoka kwenye kisima kirefu cha mtaa wetu.

Hazikupita wiki tatu kabla ya majani kupauka. Ncha zake ziligeuka rangi ya kahawia kana kwamba zimeunguzwa kwa kiberiti. Kijiti kimoja kilianza kuwa cha manjano kutoka chini na kulainika. Nikadhani mmea una njaa. Nikakumbuka kwamba mwanzi ni jamii ya nyasi, na mahindi pia ni jamii ya nyasi; nikatia kijiko kizima cha mbolea ya mahindi. Tangu hapo mambo yalizidi unga maji.

Siku moja mwenzangu anayefundisha botania alipita kunijulia hali. Alipoiona ile gilasi alicheka hadi machozi yakamtoka. "Daktari," aliniuliza, "wewe uliye mtaalamu wa maneno, ni nani aliyekudanganya kwamba huu ni mwanzi?"

Swali hilo lilinichoma kuliko jua lilivyouchoma ule mmea. Mimi ninayewafundisha vijana kwamba neno si kitu nilikuwa nimelitunza neno na kukitesa kitu.

Ukweli ni kwamba mmea unaouzwa kwa jina la mwanzi wa bahati huitwa na wataalamu Dracaena sanderiana. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina asili ya Kigiriki, na maana yake ni joka jike. Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya Henry Frederick Conrad Sander, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya biashara kubwa ya maua ya okidi huko St Albans, Uingereza, katika karne ya 19. Mwanzi wa kweli ni nyasi, na ndugu zake ni mahindi, ngano, mpunga na miwa. Huu wa gilasini uko katika ukoo mmoja na mkonge, ule tuuonao katika mashamba makubwa ya Taita-Taveta na Kilifi. Kilichowahadaa watu ni zile pingili za shina lake, zinazofanana na za mwanzi.

Wanaisimu hawashangazwi na makosa ya namna hii. Binadamu akikutana na kitu kigeni hutazama kile anachokijua, akaliazima jina. Sisi Waswahili tunamwita ndege mmoja bata mzinga, ilhali si bata. Anayeshuku na amrushe bwawani, atayaona mwenyewe. Vilevile tunavyo viazi vitamu na viazi mbatata, majina ambayo humfanya mwanafunzi adhani kwamba vyote ni vya ukoo mmoja. La hasha! Kiazi mbatata ni ndugu wa nyanya na biringanya, nacho kiazi kitamu ni cha ukoo mwingine kabisa. Mswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano baina ya neno na kitu ni wa makubaliano ya watu tu. Somo hilo nimelirudia darasani mara zisizohesabika. Nyumbani kwangu nililisahau.

Lililonishangaza zaidi ni asili ya mmea wenyewe. Wengi wetu tunaununua tukiamini kwamba ni mti wa Wachina. Kumbe kwao ni Afrika! Asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, Kamerun ikiwemo, ambako humea chini ya kivuli cha miti mirefu. Kutoka huko ulienea duniani kama pambo la nyumbani, na leo hulimwa kwa wingi kusini mwa Uchina, katika jimbo la Guangdong. Kisha hurudi barani kwetu ukiwa umefungwa utepe mwekundu, nasi tunaununua kama mgeni.

Isitoshe, jamaa zake tunaishi nao. Wachagga wa Kilimanjaro wana mmea wauitao isale, ambao ni wa jenasi hiyo hiyo ya Dracaena. Huupanda kuonyesha mipaka ya mashamba, na aliyekosa humpelekea jani lake yule aliyemkosea akiomba msamaha. Si jambo jepesi kumkataa mtu aliyekuja na jani la isale mkononi. Kwa hivyo, kabla ya kusema kwamba heshima ya mmea huu tumeletewa kutoka nje, tuwaulize kwanza majirani zetu.

Lakini bahati nayo imetoka wapi? Hapa mtaalamu wa lugha ana la kusema. Kwa Kichina mmea huu huitwa fu gui zhu, yaani mwanzi wa utajiri na heshima. Neno zhu lenye maana ya mwanzi linakaribiana kwa sauti na neno jingine lenye maana ya kutakia heri. Idadi ya vijiti nayo husomwa kwa masikio. Vijiti tisa ni vyema kwa kuwa neno la tisa, jiu, husikika sawa na neno la muda mrefu. Vinane vinapendwa kwa kuwa ba, yaani nane, hukaribiana na neno la kustawi. Lakini vinne humpi mtu, kwa sababu si ya nne na si ya kifo hutofautiana kwa toni tu.

Mwanafunzi anayezungumza Kikuyu au Dholuo atalielewa jambo hilo mara moja, maana lugha zake nazo hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, ingawa mkazo unaweza kutenganisha barabara ya magari na neno barabara lenye maana ya sawasawa. Basi kile kiitwacho bahati ya mmea huu, kwa sehemu kubwa, ni mchezo wa maneno ya Kichina. Siudharau mchezo huo, kwani kazi yangu ni maneno. Ila mmea hausikii Kichina wala Kiswahili. Husikia mwanga, maji na joto.

Mwenzangu wa botania aliniketisha akanieleza namna ya kuutunza. Nayaandika hapa kwa manufaa ya mwalimu au mwanafunzi aliye na gilasi kama yangu dirishani.

Kwanza, kwa kuwa mmea huu umezoea kivuli cha msitu, hautaki jua la moja kwa moja. Uwekwe chumbani mahali penye mwanga wa kutosha, hatua chache kutoka dirishani au nyuma ya pazia jepesi. Jua kali huunguza majani, na giza nalo hudumaza. Kwa sababu shina hufuata mwanga, igeuze gilasi mara kwa mara ili lisipinde upande mmoja. Vile vijiti vilivyozungushwa kama nyoka, ambavyo watu hudhani vimezaliwa hivyo, hupatikana kwa ujuzi huo huo: mkulima huuzuia mwanga kwa pande zote isipokuwa mmoja, kisha huugeuza mmea kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Pili, maji yafunike mizizi na sehemu ndogo tu ya chini ya shina. Kuujaza chombo ni kuualika uozo. Maji yabadilishwe kila wiki, na chombo pamoja na vijiwe visuguliwe. Gilasi inayopitisha mwanga huota mwani wa kijani upesi, kwa hivyo chombo cha udongo au cha kauri kisichopenyeza mwanga hupunguza taabu hiyo.

Tatu, mbolea iwe haba mno: tone la mbolea ya maji iliyozimuliwa sana, mara moja kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kijiko changu cha mbolea ya mahindi kilikuwa sumu. Anayetaka mmea wake uishi miaka mingi ni heri auhamishie kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji.

Nne, kijiti kikigeuka manjano kutoka chini na kulainika, kisiachwe pamoja na vingine, maana uozo wake utaviharibu. Kitolewe mara moja. Ikiwa sehemu ya juu ingali ya kijani na imara, ikatwe kwa kisu safi juu kidogo ya pingili na kutiwa katika maji mapya. Baada ya wiki kadhaa huota mizizi. Tano, paka na mbwa wasiruhusiwe kuyatafuna majani hayo, kwa kuwa huwadhuru.

Niliyafuata yote hayo. Mmea ulitulia, rangi ikarudi. Ila jambo moja lilikataa: zile ncha za kahawia. Kila jani jipya lilichipuka likiwa zima, kisha ncha yake ikaanza kukauka polepole.

Nilimwendea tena mwenzangu. Aliniuliza, "Maji unayapata wapi?" Nikamjibu kwamba ni ya kisima. Akatikisa kichwa. Jamii hii ya mimea, alisema, huathiriwa mno na madini ya floraidi, na ncha za majani ndiko madini hayo yanakokusanyika. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkeno. Nilimwambia kwamba huyachemsha maji hayo kwanza. Akanieleza kwamba klorini inayotiwa katika maji ya mji huweza kutoka maji yakiachwa wazi usiku kucha, lakini floraidi haitoki kwa kuachwa wala kwa kuchemshwa. Kwa hakika kuchemsha huizidisha, kwani maji hupungua na madini husalia.

Nilinyamaza kwa muda mrefu, msomaji mpenzi, kwa sababu mawazo yangu hayakuwa tena kwenye mmea. Yalikuwa kwenye kinywa changu mwenyewe.

Mimi, kama maelfu ya watu waliolelewa katika bonde hili, nina meno yenye madoa ya kahawia. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu mmoja alikuwa na desturi ya kukagua meno kila Jumatatu asubuhi. Sisi wenye madoa tuliitwa mbele ya wenzetu, tukapewa jina la wachafu, tukachapwa viboko viwili viwili. Nilisugua meno yangu kwa mkaa, nikayasugua kwa mchanga hadi ufizi ukatoa damu. Jumatatu iliyofuata nilichapwa tena. Hadi leo, ninapopigwa picha, hufunga mdomo.

Simlaumu mwalimu yule kwa chuki. Alituita wachafu, na baada ya kulikubali jina hilo hakuona tiba nyingine ila mswaki na kiboko, kama vile mimi nilivyouita mmea wangu mwanzi nikauanika juani. Jina likikosewa, matunzo hukosewa. Kosa langu lilinigharimu kijiti kimoja. Kosa lake liliwagharimu watoto darasa zima haya ya maisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita. Ikizidi hapo, meno ya mtoto yanayoendelea kuumbika huweza kutiwa madoa, na hakuna mswaki utakaoyafuta kwa kuwa yamo ndani ya jino lenyewe. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Kinga ipo: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana madini hayo ya miamba, na ziko chujio za mkaa wa mifupa ambazo huyapunguza. Sisemi kwamba ncha iliyokauka ni cheti cha maabara, maana hata chumvi ya mbolea au hewa kavu huweza kuleta dalili hiyo. Nasema tu kwamba ilinifanya niulize swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka arubaini iliyopita. Tangu siku ile mmea wangu hunywa maji ya mvua, na watoto wa nyumbani kwangu vilevile.

Kabla ya kuweka kalamu chini, liko onyo jingine kuhusu maji, hasa kwa wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu. Mwaka wa 2001, katika bandari ya Los Angeles, Marekani, wakaguzi waligundua mbu wa aina ya Aedes albopictus ndani ya shehena za mmea huu kutoka kusini mwa Uchina. Vijiti vilikuwa vimesafirishwa baharini vikiwa vimesimama majini, na mbu wakapata kitanda cha kuzalia. Hivyo ndivyo mmea wa bahati ulivyobeba mkosi.

Huku kwetu, jamaa wa mbu huyo aitwaye Aedes aegypti ndiye mwenezaji wa homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013, na wa chikungunya, iliyozuka Lamu mwaka wa 2004 na kuisumbua Mombasa mwaka wa 2017 na 2018. Jina hilo la chikungunya limetokana na Kimakonde, na huashiria kujikunja kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Hilo ni jina moja lisilodanganya. Mbu huyo huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotulia katika vyombo vidogo vya nyumbani. Mayai yake hugandama kwenye kuta za chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, ni lazima chombo kisuguliwe. Aidha, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, na ndiyo maana nilisema maji yabadilishwe kila wiki.

Wanafunzi wangu walirejea mwishoni mwa muhula. Walipoingia nyumbani, jambo la kwanza walilofanya ni kuhesabu vijiti. Vilikuwa vitatu: viwili virefu na kimoja kifupi. Yule binti akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, mbona bahati moja imefupika?" Sikuwaficha. Niliwasimulia kisa chote, kuanzia ukuta wa baraza hadi kijiko cha mbolea, na jinsi nilivyokata kilele kilichosalia kizima na kukitia katika maji mapya hadi kikaota mizizi.

Kijana mmoja, aliyekuwa amefundisha katika shule moja ya msingi pembezoni mwa bonde letu, alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye habari ya meno aliinamisha kichwa. Baadaye alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi nimewaadhibu watoto kwa jambo hilo muhula huu." Nilimuuliza atafanya nini. Akasema kwamba atarudi kule kabla ya shule kufungwa, azungumze na mwalimu mkuu kuhusu kisima, na azungumze na watoto wenyewe.

Sijui kama aliwapelekea jani la isale. Najua kwamba alikwenda.

Walimu wenzangu, kazi yetu ni kugawa majina. Tunamwita mtoto huyu mzembe, yule mjinga, mwingine mtundu, na siku nzima tunawatunza kulingana na majina hayo. Mzembe huenda hakula asubuhi. Mjinga huenda haoni ubao. Nanyi wanafunzi, mnapofundishwa istilahi na maana zake, msiridhike hadi mmekiona kitu chenyewe na kukiuliza kinataka mwanga kiasi gani na maji gani. Mmea wangu ungali dirishani, nyuma ya pazia. Bado nauita mwanzi wa bahati, kwa kuwa ndilo jina alilonipa yule binti, lakini siutunzi tena kama mwanzi.